Mnong'onezi wa Al-Safa

Ujumbe wa Madam Maryam ulinikuta nyuma ya pazia la ukumbi wa shule, daftari la mchezo mkononi, nikiwafuatilia wanafunzi wa kidato cha tatu waliokuwa wakijiandaa kwa tamasha la drama. Sina mazoea ya kuifungua simu wakati wa mazoezi, lakini nambari ilianza kwa tarakimu za Saudia, na ilikuwa imepita miaka kumi na miwili tangu mtu wa huko anitafute. Aliandika kwa Kiingereza kifupi, bila salamu, kama alivyokuwa akiniachia maagizo kwenye mlango wa friji. Mama yake alikuwa amefariki dunia Jeddah, akiwa na miaka tisini na mmoja, na mwili ulikuwa umekwisha kusafirishwa hadi Ayalandi. "Amerudi kwao hatimaye," aliandika. Chini yake aliweka swali moja. Nililisoma mara mbili, nikaizima simu, nikamnong'onezea mwanafunzi aliyekuwa amesahau neno lake, na sauti yangu ilitoka kwa pupa hata ukumbi mzima ukaisikia. Swali hilo bado sijalijibu. Naandika kisa hiki kwanza, ili nijue nitakalojibu.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Nyumba ya waajiri wangu ilikuwa Al-Safa, mtaa wa Jeddah, ghorofa tatu ndani ya ukuta mweupe, na katika miezi ya kwanza niliijua kwa sauti zake kuliko kwa sura: mngurumo wa viyoyozi, lifti ndogo iliyowekwa kwa ajili ya bibi mmoja, adhana za misikiti miwili zilizopishana kwa pumzi moja, mwiko wa Mwanahamisi ukigonga ukingo wa sufuria. Mwanahamisi ndiye aliyekuwa mpishi, mwanamke wa Lamu aliyekwisha kukaa Arabuni miaka kumi na mmoja. Dereva alikuwa Kioko, mtu wa Machakos, aliyelala kwenye chumba cha langoni na kila Ijumaa alikwenda mtaa wa Bani Malik kukaa na Wakenya wenzake. Chumba changu kilikuwa kati ya jiko na stoo, na dirisha lake lilitazama ukuta. Shahada yangu ya ualimu ilikuwa chini ya nguo, ndani ya sanduku. Pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa Baba, mume wa Madam na kafili wetu, yaani mdhamini wa vibali vyetu, ambaye nilimwona kama mtu anavyoiona saa ya ukutani, kwa kupita tu. Maneno ya siku yalikuwa machache. Yalla, haraka, Tabitha. Chai, Tabitha. Mafi sukari, yaani hakuna sukari, Tabitha. Zilikuwako siku nilizofika jioni nikajikuta sijasema lolote refu kuliko jibu, na nikawa naingia bafuni, nafungulia maji, nasoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa kwenye chupa ya sabuni.

Nilikuwa nimeletwa kumtunza mama yake Madam, mwigizaji wa jukwaani aliyekuwa na jina kubwa kwao, ambaye mimi nilimwita Mama Una. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa zake na kumshika mkono kwenye ngazi. Asubuhi ya kwanza nilimpelekea kifungua kinywa, akanitazama tangu mlangoni hadi kitandani, kisha akaniambia kwamba sinia nalibeba vizuri mno. Alikuwa amecheza nafasi za watumishi ishirini kabla hajapewa nafasi ya bibi mmoja, na mtumishi wa jukwaani, alisema, hubeba sinia kwa namna ambayo watu wa viti vya nyuma watajua kwamba analichukia. Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Akaniuliza kama naweza kusoma kimya huku mtu mwingine akisema kwa sauti, nisimtangulie wala nisibaki nyuma. Nilimjibu kwamba nimesahihisha insha darasani miaka sita huku wanafunzi wakipiga kelele. Akaniagiza niburute kiti hadi nyuma ya kabati, mahali ambapo hangeniona, akanipa daftari la mchezo lililolegea nyuzi.

Maisha yake niliyapata kwa vipande, baina ya dawa ya asubuhi na adhana ya Adhuhuri. Alianza na miaka kumi na sita, akifagia ukumbi wa mji mdogo upande wa magharibi mwa nchi yake; kikundi cha wasafiri kikapita kwa lori, na walipoondoka naye aliondoka. Walicheza katika kumbi za parokia, jukwaa likiwa mabenchi ya kanisa yaliyounganishwa kwa kamba, mvua ikigonga mabati hata mashujaa wakalazimika kufa kwa kupiga kelele. Nafasi yake ya kwanza ilikuwa mkono: mkono tu, uliopenya mlangoni ukatoa kikombe. Baadaye ikaja Dublin, na miaka thelathini ya jengo moja la maigizo ambalo alilieleza kwa harufu yake ya gundi, vumbi na chai iliyopoa. Filamu zilimwita mara mbili, na mara zote mbili sura yake ilikatwa kabla picha haijaonyeshwa. Nafasi iliyomjengea jina ilikuwa ya mwanamke wa posta kisiwani, anayetunza barua ya mwana aliyeondoka. Alipoicheza mara ya kwanza alikuwa na miaka arobaini na moja, akajipaka unga nywele ziwe nyeupe. Alipoicheza mara ya mwisho unga haukuhitajika. Habari za bintiye hazikuwa katika hadithi hizo. Hizo nilizisikia kwa bahati, nikiwa ngazini na taulo, Madam akizungumza na rafiki yake kwenye simu: alilelewa na shangazi kwa sababu mama alikuwa safarini, na mama huyo alikariri maneno ya wanawake wote wa dunia, ila siku ya kuzaliwa ya mwanawe ilimshinda. Alisema hivyo pasipo hasira, kama mtu anayesoma ankara ya zamani. Hata hivyo ndiye aliyemfuata Dublin goti lilipomwangusha, na ndiye aliyemwekea lifti.

Kwenye zulia la chumba chake, Mama Una alinifanya nibandike utepe mweupe. Kioko aliununua sokoni Kandara, hapo hapo Jeddah, na aliporudi aliuliza kama bibi anachora uwanja wa mpira. Tulichora chumba cha posta: hapa meza, pale dirisha, huku mlango, ambao ulikuwa pengo la hatua mbili kati ya mistari. Baada ya mwezi mmoja, hakuna aliyekatiza ukuta ule. Mwanahamisi aliyeapa kwamba huo ni uzuzu alikuwa akizunguka na ndoo yake hadi mlangoni ndipo aingie, na siku moja nilimwona Baba mwenyewe, aliyekuja kumsalimia mkwewe kabla ya kwenda kazini, akisimama nje ya utepe mpaka alipokaribishwa. Jikoni tulitaniwa sana. "Mwalimu," Kioko alikuwa akiniuliza kila saa sita mchana, "leo bibi amekufa mara ngapi?" Nami nilikuwa nikijibu mara tatu, au mara mbili na nusu kwa kuwa dawa iliingilia. Mama Una naye alishuka siku moja kumfundisha Mwanahamisi mkate wa kwao, usio na hamira, unaoumuliwa kwa laban, maziwa ya mgando, na soda ya kupikia na kuchorwa msalaba juu kwa kisu. Mwanahamisi aliutazama ulipotoka tanuri. "Mwanangu," aliniambia, "mkate huu kwetu Lamu hata punda angetaka kuelezwa." Lakini aliuoka kila Jumatatu, msalaba akiugeuza kuwa mistari mitatu, na sehemu yake aliila yote.

Kazi ya mnong'onezi ni kukaa pembeni na daftari, na mwigizaji akipotea kumpa neno pasipo hadhira kujua. Nilidhani ni kazi ya macho. Mama Una alinifundisha kwamba ni kazi ya kuvumilia. Usimpe mwigizaji sentensi, alisema; mpe maneno mawili ya mwanzo, mengine yatakuja yenyewe, kwa kuwa mtu aliyepewa sentensi nzima huisema kama mtoto aliyetumwa dukani. Na usimpe chochote wakati ukimya ni wake. Kila ukimya katika mchezo ule ulikuwa na kitendo ndani yake ambacho hadhira haikukiona: katika ukimya mmoja alikuwa akiikunja barua mara nne moyoni, katika mwingine alihesabu vidato vya ngazi kutoka gati hadi posta. Nami nilijifunza kuikunja barua hiyo pamoja naye nyuma ya kabati, hata nikajua ukimya ulio na kazi na ukimya ulio mtupu. Kwa ule mtupu tulikuwa na ishara. Angegusa kifungo cha juu cha kola yake, jambo ambalo kwa watazamaji lingekuwa ni baridi tu, nami ningetoa maneno mawili. Mwanzoni aligusa kifungo mara nyingi kwa ukurasa mmoja. Kumbukumbu yake ilikuwa kama nguo iliyoliwa na nondo, nzima kwa mbali, na matundu hayakutokea mahali pamoja siku mbili mfululizo. Sijawahi, kabla ya hapo wala baadaye, kuhitajiwa na mtu kwa usahihi kiasi hicho. Kila asubuhi kulikuwa na mtu aliyesimama katikati ya zulia, akingoja sauti yangu, yangu peke yake.

Barua kutoka Dublin ilifika mwezi wa tano wa mkataba wangu. Jengo lake la zamani lilikuwa likiandaa jioni ya kumuaga, na walimwomba dakika arobaini za mwanamke wa posta, peke yake jukwaani. Aliniomba nimsomee barua hiyo mara tatu, ingawa miwani yake ilikuwa puani. Madam alikataa kwa wiki mbili. Aliogopa safari, na zaidi aliogopa mama yake kusimama mbele ya watu mia nane akiwa hana neno. Mwishowe walikubaliana juu ya sharti moja. Angeicheza sehemu hiyo yote sebuleni, mbele ya marafiki wa Madam, na akimaliza bila kukwama Madam angemkatia tiketi mwenyewe. Mnong'onezi aliruhusiwa, kwa kuwa hata Dublin angekuwako, mradi asisikike. Akikwama, barua ingejibiwa kwa shukrani na halas, yangeishia hapo. Jioni hiyo hiyo, nikikausha vikombe, Madam aliniambia kwa upole nisiwe na wasiwasi juu ya ikama yangu, kibali changu cha kukaa nchini. Mama akirudi Dublin angekaa huko na mpwa wake, nami ningehamia Riyadh, kwa dada yake Baba.

Riyadh nilikuwa nimeiona. Tulikwenda huko kwa harusi, wiki moja, na dada huyo, mwanamke mwema aliyezungumza nami kwa ishara kwa kuwa hakujua Kiingereza nami Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, alinionyesha chumba cha watumishi juu ya paa, nyuma ya matangi ya maji. Kilikuwa safi. Kilikuwa na godoro jipya lililokuwa bado kwenye nailoni. Nilipomweleza Mwanahamisi kwamba huenda nikapelekwa huko, aliacha kumenya vitunguu. Yeye aliwahi kukaa Riyadh, katika nyumba nyingine, ambako hakupigwa wala hakunyimwa chakula. "N'kuambie, mwanangu," alisema. "Hawakunifanyia ubaya. Lakini n'likaa miezi minane sina wa kumwambia kwamba leo kuna joto. Siku n'liyorudi Jeddah, dereva kaniuliza jina langu, n'kalia." Kisha aliendelea kumenya vitunguu, nami sikujua machozi yake yalikuwa ya nini.

Tangu siku hiyo nilifanya mazoezi na mtu niliyemtakia mambo mawili yasiyopatana. Sikumfundisha vibaya, hilo naweza kuliapa. Tulifanya kazi kuliko wakati wowote, na matundu yalipungua mpaka akawa akimaliza dakika arobaini kwa kugusa kifungo mara moja au mbili. Alianza kuzungumza juu ya viatu atakavyovaa. Alimwagiza Kioko unga wa kujipaka, akacheka mwenyewe kwa kukumbuka kwamba nywele zilikwisha kuwa nyeupe. Nami usiku nililala nikizihesabu siku kwa kinyume.

Siku yenyewe, baada ya sala ya Alasiri, wanawake wanane walikaa katika sebule ya wageni wa kike, abaya zao zikining'inia mlangoni, Waarabu watano na waliobaki wa kwao Madam. Mwanahamisi alipitisha kahawa na tende, akasimama ukutani badala ya kurudi jikoni, na hakuna aliyemwondoa. Mimi niliketi nyuma ya kiambaza cha mbao chenye matundu. Mama Una aliingia kwa mlango ambao haukuwapo, na wanawake wale, ambao hawakuwahi kuuona utepe, wakauona mlango. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Bibi niliyemkata kucha asubuhi ile alikuwa hayupo. Palikuwa na mwanamke mwenye baridi mikononi, na barua. Mwanamke mmoja wa Kiarabu, aliyekuwa akitafsiriwa sikioni, alimwashiria mfasiri wake anyamaze. Madam alikaa mbele, mikono imefumbatana, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake ukiwa wa binti.

Ukurasa wa kumi na tisa, karibu na mwisho, mwanamke wa posta anasema: nilizijua hatua zake kabla hajafika langoni. Sentensi inayofuata ni hii: basi niliacha mlango wazi, nikaenda kulala. Hapakuwa na ukimya uliopangwa kati ya hizo mbili. Alisema ile ya kwanza, akanyamaza. Niliutafuta ukimya ule ndani, kama alivyonifundisha, nikakuta haukuwa na barua wala vidato. Kisha mkono wake ukapanda, polepole, ukakishika kifungo cha juu. Maneno mawili yalikuwa mdomoni mwangu. Nilivuta pumzi ya kuyatoa. Na katika pumzi hiyo niliuona mlango wa chumba cha juu ya paa, na nailoni ya godoro, na nikabaki na pumzi ile kifuani. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilisita tu, kwamba nilidhani labda ni ukimya wake, kwamba mnong'onezi mwenye haraka ni mbaya kuliko asiye na sauti. Kanuni hizo zote ni za kweli, na zote nilizikumbuka baadaye. Mkono ulikaa kwenye kifungo. Kikombe kimoja kiliwekwa chini. Niliponong'ona hatimaye, Madam alikuwa amekwisha kusimama na kumshika mama yake bega. "Halas, Mama," alisema taratibu. "Inatosha. Umefanya vizuri sana." Wanawake walipiga makofi kwa muda mrefu, kwa huruma, na hakuna makofi niliyowahi kuyachukia hivyo.

Kabla ya Magharibi nilikuwa nimepiga magoti chumbani kwake, nikiubandua utepe kama nilivyoagizwa. Mama Una alikaa kitini, viatu vyake vya jukwaani bado miguuni. Nilikuwa nimekwisha kuondoa meza na dirisha alipozungumza.

"Ulikuwa na neno, Tabitha?"

"Nilikuwa nalo, Mama Una."

"Nilikusikia ukivuta pumzi."

Nilingoja aniulize kwa nini. Hadi leo ningali nyuma ya kiambaza kile, nikingoja aniulize. Alinyoosha mguu nimvue kiatu, akaomba chai, na nilipourudia utepe uliobaki akasema, "Mlango uache." Kwa hiyo mistari miwili yenye pengo la hatua mbili ilibaki kwenye zulia mpaka mkataba wangu ulipokwisha, na kwa mlango huo niliingia kila asubuhi. Kesho yake aliniambia niburute kiti nyuma ya kabati kama kawaida. Tulirudia mchezo ule miezi yote iliyobaki, bila safari mbele yetu, na aligusa kifungo chake mara nyingi, hata penye sentensi ambazo nilijua anazijua. Kila mara nilimpa neno upesi. Sikuweza kutambua kama ananisamehe au ananiuliza. Nilikuwa nimebaki Al-Safa, kama nilivyotaka, sikupelekwa Riyadh, nilikuwa na mtu wa kumwambia kwamba leo kuna joto. Sikumwambia.

Niliporudi Kenya niliingia darasani tena, na shuleni wananijua kama mwalimu wa drama ambaye wanafunzi wake hawasahau jukwaani. Ukweli ni kwamba wanasahau kama watoto wote. Mimi ndiye ninayewahi mno, na waamuzi wamenikosoa kwa hilo zaidi ya mara moja. Nimejifunza kuishi na lawama hiyo.

Swali la Madam lilikuwa hili. Miezi ya mwisho mama yake hakumtambua mtu yeyote, lakini kila alasiri alikuwa akishika kifungo cha juu cha gauni lake na kutazama upande wa kabati. Daktari alidhani anaona joto. Walimfungulia kola, naye aliifunga tena na kukishika kifungo. Waliuliza kama ana maumivu, kama anataka maji, kama anamwogopa mtu. "Wewe ulikaa naye," Madam aliandika. "Alikuwa anataka nini?"

Leo ukumbi wa shule ulikuwa mtupu wanafunzi walipokwenda kula. Niliketi mahali pangu, pazia la kushoto, nikamwandikia Madam Maryam kwamba mama yake alikuwa anataka maneno mawili, kwamba siku ile ya wageni alikuwa anayataka hayo hayo, na kwamba mimi nilikuwa nayo mdomoni, nikayazuia nisipelekwe Riyadh. Niliandika pia kwamba tiketi ile ilikuwa haki yake. Nilisoma mara moja, sikurekebisha kitu, nikatuma. Kisha niliiweka simu chini, nikalitazama jukwaa, nikamwona amesimama pale, mkono kwenye kola, na nikavuta pumzi ile ile.

"Basi niliacha," nikasema, kwa sauti ambayo hakuna hadhira ingeisikia.